Nani Hasa Aitwe Mlafi?

Tusi la "mlafi" limekuwa jepesi mno vinywani mwetu. Mtoto akiomba aongezwe wali, mlafi. Kibarua aliyeshusha magunia tangu alfajiri akimaliza sahani mbili za ugali, wenzake humcheka kwa jina hilo hilo. Nasema tunawadhulumu, na lugha yetu wenyewe inatushuhudia.

Kulafua ni kula kwa pupa, na mlafi ni ndugu wa neno hilo. Kinachohukumiwa hapo ni namna ya kula. Jirani yake, mroho, ametoka katika roho, neno tulilolipata kwa Waarabu tukalizidishia maana: kwetu roho ni uhai, tena ni koo, ndiyo maana mtu hukabwa roho, na aliyetawaliwa na tamaa husemwa ana roho. Yuko pia mdoezi, ajuaye saa jirani anayopakua akapiga hodi saa hiyo hiyo. Wote watatu wanakiona chakula wasimwone mwenzao.

Litazameni sinia la pilau harusini. Watu wanne au watano wamenawa, wamelizunguka, kila mmoja anakula upande wake, nyama iko katikati. Mwenye adabu humega wali ulio mbele yake, akausogeza mnofu kwa mzee au mgeni. Mlafi huchimba kwa chini hadi wali uporomoke na nyama iteremkie kwake; tonge la kwanza hajalimeza, la pili liko mkononi. Huyo aweza kuwa mwembamba kama ufito, na mnene aliye kando yake akawa amekula kwa utaratibu, akaacha mapema. Tunamsema nani?

Dini zetu zimekwisha kuonya. Waislamu wamefundishwa na Mtume kuligawa tumbo: theluthi ya chakula, theluthi ya maji, theluthi ya pumzi. Wakatoliki wanauhesabu ulafi miongoni mwa vichwa saba vya dhambi.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba mlafi mkubwa tumempa jina la heshima. Mtu akiteuliwa penye fedha za umma, watu humpongeza: "Amepata ulaji!" Fedha za dawa za zahanati zikipotea, tunasema "wamekula," kwa sauti ile ile ya kumtaja mtu aliyekula muhogo wa shambani kwake. Mama mjamzito anarudishwa nyumbani na kipande cha karatasi akanunue dawa mwenyewe, na sisi tunacheka.

Wazazi wenzangu, mtoto akiomba tena, mpakulieni. Kama chungu kimekwisha, mwambieni kimekwisha, bila tusi. Mfundisheni kuitazama kwanza sahani ya mdogo wake kabla hajanyoosha mkono. Na yule aliyekula dawa za zahanati, akija harusini kwetu na bahasha nene, tusimpigie vigelegele wala tusimpishe kiti cha mbele. Tumwite mlafi, watoto wetu wakisikia.