Programu na Iulizwe Toleo Lake

Wengi wetu tunaofundisha uandishi wa programu tumezoea kuwaambia wanafunzi waandike namba ya toleo katika dirisha la "Kuhusu", kisha waendelee na kazi. Nami nilifundisha hivyo kwa miaka kadhaa, mpaka duka moja la vitenge katika Mtaa wa Kongo, Kariakoo, liliponifumbua macho.

Mwanafunzi wangu alilitengenezea duka hilo programu ya mauzo. Kosa la hesabu ya punguzo likaonekana. Akalisahihisha, akapeleka faili mpya kwa flashi. Kompyuta zilikuwa tatu. Mbili zikabadilishwa, ya tatu ikasahauliwa. Zote zilionyesha "Toleo 1.0", kwani namba ile aliiandika kwa mkono siku ya kwanza wala hakuigusa tena. Fedha zikawa hazilingani na daftari, na mwenye duka akamshuku mwuzaji wake. Ukweli ulipojulikana, kijana yule alikwisha kuacha kazi.

Hapana budi tufundishe kwamba namba ya toleo hutolewa katika programu yenyewe. Huandikwa mahali pamoja tu, katika maelezo ya mradi. Kompaila huipachika ndani ya faili. Na programu ikiwa kazini hujisoma. Katika C# mstari mmoja watosha: Assembly.GetExecutingAssembly().GetName().Version. Jibu lina sehemu nne, na hata mtu akilibadili jina la faili, jibu halibadiliki.

Mwalimu mwenzangu aliniuliza: je, mwanafunzi akisahau kuibadili namba ya mradi? Swali la haki, maana kusahau ndiko kulikotuponza. Katika miradi ya .NET Framework yawezekana kuandika 1.0.*, na kompaila ikajaza yenyewe: sehemu ya tatu ni idadi ya siku tangu tarehe 1 Januari 2000, na ya nne ni sekunde tangu usiku wa manane, zikiwa zimegawanywa kwa mbili.

Sasa huanza somo hili ubaoni, kabla ya kuwasha mashine. Naandika 1.0.9000.18000 na kuuliza programu hiyo ilitengenezwa lini. Wengi huzisahau siku za Februari 29 na kukosea kwa siku kadhaa. Atakayezikumbuka atapata tarehe 22 Agosti 2024, saa nne kamili asubuhi.