Ajali Yenye Kinga

Wako wasemao kwamba mtu wa zama hizi hana tena khofu ya mauti. Humtolea mfano kijana wa Geita anayeteremka duarani kwa kamba, tochi kichwani, wakasema: huyu kifo amekwisha kukizoea. Sikubaliani nao. Khofu haikuondoka, imegeuzwa uso tu, isitazame panapoua.

Tuanze na neno lenyewe. Kwa Kiarabu, ajal ni muda uliowekwa, ukomo wa umri. Lilipofika kwetu likawa ajali, tukalitwika mizigo miwili: kudura ya Mwenyezi Mungu na gari lililopinduka. Ndipo methali yetu, "Ajali haina kinga", ikapata nguvu ya fatwa. Aliyefikiwa na ukomo wa umri wake hana kinga, ni kweli. Lakini duara lina kinga, nayo ni matimba, yaani miti inayoshikilia kuta zisiporomoke. Mwenye kuzichanganya maana hizi mbili hamtukuzi Mungu, anamsingizia.

Oktoba 2015 mgodi wa Nyangalata, Kahama, uliporomoka. Baada ya siku 41 walitolewa watu watano wangali hai, waliokuwa wakila mende na vyura. Tukasema, muujiza! Na ulikuwa muujiza. Lakini furaha ile ilitusahaulisha kuuliza habari ya kuta. Januari 2024, baada ya mvua, kifusi kiliua watu zaidi ya 20 katika mgodi wa Ng'alita, Bariadi. Agosti 2025 watu 25 wakafukiwa katika mgodi mmoja wa Shinyanga. Kila mara neno ni lile lile: ajali.

Basi khofu ilikwenda wapi? Ilikwenda kwa jirani. Katika Shinyanga hiyo hiyo vikongwe wameuawa kwa kuwa macho yao ni mekundu, nayo yaliiva kwa moshi wa miaka ya kuwapikia wajukuu. Tangu mwaka 2007 hivi watu wenye ualbino wakaanza kuwindwa, kwa sababu waganga waliwaambia wasaka dhahabu na samaki kwamba viungo vyao huleta bahati. Mwaka 2009 Serikali ilizifuta leseni za waganga, na mahakama iliyoketi Kahama ikawahukumu kifo wauaji watatu wa mtoto mwenye ualbino. Mauaji hayakukoma, na mwaka 2015 waganga wakapigwa marufuku tena. Khofu haifutwi kwa tangazo. Mtu uliyemwambia kwamba ajali haina kinga hatakaa bila kinga: ataitafuta kwa mganga, na mganga atamwuzia mwili wa mwenzake.

Nasi wa pwani tusicheke. Mwaka 1995 khofu ya Popobawa ilivuka kutoka Pemba hadi Unguja, na mtu asiye na kosa, mgonjwa wa akili, akauawa na umati. Tarehe 10 Septemba 2011 meli ya Spice Islander ikazama, imesheheni watu kupita kipimo chake. Mwaka uliofuata ikazama Skagit. Tulisoma hitma, tukalia, tukasema ajali. Zimwi lisiloonekana tulilikeshea usiku kucha. Meli iliyojaa, ambayo kila mwenye macho aliiona, tuliipanda mchana.

Na sisi malenga tumo katika lawama hii. Katika tanzia zetu mauti ni mgeni, ni mwizi, ni wimbi, mradi tu yasiwe na sababu. Tutungapo, tuitaje nguzo iliyokosekana na abiria waliozidi. Hilo halipunguzi imani. Mafunzo ya Mtume ni kwamba ngamia hufungwa kwanza, kisha mtu akatawakali. Sisi tumemwacha ngamia huru, tukawashika ukongwe mama zetu kwa kumpoteza.

Kuogopa si aibu. Mwenye kuliogopa duara atadai matimba kabla ya kushuka. Khofu ya namna hiyo ndiyo ninayoitaka irudi.