Acheni Kuvalisha Jiko Vigae: Benchi la Kazi Ni la Zege

Leo siandiki juu ya mbegu wala mbolea. Naandika juu ya mahali ambapo mavuno yako yote huishia kabla ya kuingia tumboni, yaani benchi la jikoni. Nitasema kwa ukali kidogo, maana naona fedha za mpunga na za dagaa zinazikwa kwenye urembo usiofanya kazi.

Majuzi nilikaribishwa kwenye nyumba mpya. Mwenye nyumba alinipeleka jikoni hata kabla sijakaa. Benchi lilikuwa limevalishwa vigae vyeupe vinavyong'aa, juu yake chupa mbili za chai na glasi zilizofunikwa kitambaa cha kufuma. Pembeni, sakafuni, mama wa nyumba ameinama anapasua migebuka juu ya kiroba cha mbolea.

Nikamuuliza, "Mama, mbona benchi lipo na wewe uko chini?"

Akajibu bila kuinua kichwa, "Bwana shamba, hilo si la kazi. Nikikatia pale vitapasuka, na mwenyewe ataniuliza."

Mwenyewe akacheka. Mimi sikucheka. Pale palikuwa na benchi lililogharimu fedha nyingi, mgongo unaouma, na samaki wa watoto juu ya kiroba kilichobeba kemikali. Nyumba za namna hii si moja wala mbili.

Hakuna benchi la vigae

Jambo ambalo wengi hawaambiwi ni hili: hakuna kitu kinachoitwa benchi la vigae. Kuna benchi la zege lililovalishwa vigae. Kigae hakibebi mzigo. Kinachobeba ni zege lililo chini yake. Kwa hiyo ukitaka vigae vikae, lazima kwanza ujenge zege zuri lenye nondo. Baada ya hapo unanunua vigae, unanunua gundi au saruji ya kuvigandishia, unanunua grauti ya kuziba mianya, na unamlipa fundi siku nyingine.

Ukishakuwa na zege zuri, benchi tayari unalo. Vilivyobaki ni nguo. Na wanaotaka kubana gharama huwa wanabana kwenye zege, si kwenye nguo. Wanapanga mbao mbili, wanamwaga tope la saruji, wanabandika vigae juu. Mwaka hauishi, vinaanza kulia "ko-ko" ukivigonga.

Nasema hivi nikijua ninachosema, kwani na mimi nilidanganyika. Kwenye nyumba niliyokuwa nikiishi niliweka vigae jikoni kwa sababu fundi aliniambia ndiyo mtindo wa sasa. Zege la chini lilikuwa jembamba na halikumwagiliwa hata siku moja. Mvua za msimu mmoja zilipokwisha, vigae vinne vilikuwa vimeinuka, na mende walikuwa wamehamia chini yake na familia zao. Nikatafuta vinne vya kuziba. Rangi ile haikuwepo tena dukani. Mke wangu alinionyesha shimo lile kila asubuhi kwa miezi mingi, na alikuwa na haki.

Adui yuko kwenye mianya

Watanijibu kwamba kigae husafishika. Ni kweli, uso wa kigae ni mgumu na haunywi maji. Lakini benchi la vigae lina mianya, na mianya ile hunywa. Damu ya samaki, maji ya nyama na mafuta ya dagaa huingia kwenye grauti na kukaa humo. Unafuta juu, panang'aa, na harufu inabaki. Mwanya mmoja ukiliwa, maji yanashuka chini ya kigae na hakuna kitambaa kinachofika huko.

Shirika la Afya Duniani linafundisha mambo matano ya chakula salama: kuweka usafi, kutenganisha kibichi na kilichopikwa, kupika hadi kuiva, kutunza chakula kwenye joto linalofaa, na kutumia maji na malighafi salama. Mawili ya kwanza yanategemea sana mahali unapokatia. Sisi tunaokaa mwambao wa Ziwa Tanganyika tunakijua kipindupindu, si mgeni kwetu. Tunahimizana kuanika dagaa kwenye vichanja ili wasiguse mchanga, halafu dagaa hao hao wakifika nyumbani wanachambuliwa sakafuni, pale kuku anapopita. Kazi ya ufukweni tumeiharibu jikoni.

Na vitu vingine je?

Mbao. Mninga ni mti wa kwetu, mgumu, na ubao wake ukitunzwa hudumu. Lakini benchi zima la mbao linalolowa kila siku litapinda, litapasuka, na alama za kisu zitajaa uchafu. Mti huu pia umekatwa sana, na kuusafirisha bila kibali cha Wakala wa Huduma za Misitu ni kesi. Tumia mninga kwa vibao vya kukatia, kimoja cha samaki na nyama, kingine cha mboga. Hapo ubao unafanya kazi yake, na ukichakaa unabadilisha kibao badala ya benchi.

Bati lililopigiliwa juu ya mbao. Kila tundu la msumari ni mlango wa maji. Mbao inaoza kwa chini huku juu panang'aa, na kingo zinakata vidole. Tena bati la paa limepakwa zinki, na vitu vichachu kama ndimu, nyanya na ukwaju huila zinki hiyo. Chakula kisikae juu yake.

Mpira wa mezani. Sufuria moja ya moto na habari imekwisha. Ukiufunua utaona wanaoishi chini yake.

Bamba la chuma kisichoshika kutu. Hili ni zuri, nakiri, hasa kwa mama lishe na muuza samaki. Lakini bamba jembamba linabonyea, na lazima likae juu ya kitu imara. Kama uwezo upo, nunua. Kama haupo, usikope kwa ajili yake.

Jiwe la graniti lililokatwa kiwandani. Ni gumu kuliko yote niliyotaja. Lakini ni zito, na likipata ufa njiani kwenye lori, hasara ni yako. Mwenye nyumba ya wageni na afikirie. Mkulima wa ekari mbili asilale macho kwa ajili ya jiwe.

Jinsi ya kujenga benchi la zege

Chukua benchi la urefu wa mita 2, upana wa sentimita 60, na unene wa sentimita 7. Mahesabu yake ni haya.

1. Kimo. Anayepika asimame wima, akunje kiwiko. Pima kutoka kiwiko hadi chini, kisha toa sentimita 10 hadi 15. Hicho ndicho kimo cha benchi lake. Usipime kwa fundi, fundi hapiki.

2. Miguu. Jenga kuta tatu fupi za matofali ya kuchoma, mbili za mwisho na moja ya katikati. Chini ya benchi utapata nafasi mbili za kuni, ndoo na masufuria.

3. Nondo. Nondo moja ya milimita 8 yenye mita 12 inatosha. Kata vipande vinne vya mita 1.9 vya kwenda kwa urefu, na saba vya sentimita 55 vya kwenda kwa upana. Jumla ni mita 11.45. Funga kwa waya, kisha iinue kwa vijiwe ili ikae sentimita 2 juu ya mbao za kufungia. Nondo inayolala juu ya mbao haisaidii, na baadaye itapata kutu.

4. Mchanga. Mchanga laini wa ufukweni usiufuate kwa sababu tu uko karibu. Tafuta wa mtoni wenye chembe kubwa na ndogo. Ujaribu hivi: weka mchanga hadi nusu ya chupa, ongeza maji, tikisa, acha hadi kesho. Ukiona tabaka nene la tope limekaa juu ya mchanga, uoshe au tafuta mwingine.

5. Mchanganyiko. Kwa ndoo ya lita 20: saruji ndoo 1, mchanga ndoo 2, kokoto ndoo 4. Maji yawe ya kiasi. Zege linalomiminika kama uji ni zege dhaifu, hata kama fundi analipenda kwa sababu halimchoshi. Mfuko wa kilo 50 una karibu lita 35 za saruji, kwa hiyo utabakiwa na ya kupigia lipu na niru.

6. Uso. Siku ile ile, zege likianza kushika, piga lipu nyembamba ya mchanga uliochekechwa, saruji 1 kwa mchanga 3. Ikianza kukaza, piga niru na uisugue kwa mwiko hadi iwe laini kama sahani. Kingo za mbele zizungushe zisiwe na ncha, na benchi liiname kidogo kuelekea upande mmoja ili maji yatoke.

7. Maji. Hapa ndipo mabenchi mengi yanapokufa. Lifunike kwa viroba vilivyolowa na ulimwagilie asubuhi na jioni kwa siku 7 bila kukosa, huku mbao za chini zikibaki mahali pake. Zege halikauki kama nguo. Linakomaa kwa kunywa maji, na mzigo mzito lisubiri hadi siku 28. Fundi anayekuambia "kesho unatumia" anawahi kazi nyingine.

8. Nta. Katavi ni nchi ya asali, na nta tunaiacha iende bure. Benchi likikomaa na kukauka kabisa, yeyusha nta pamoja na mafuta kidogo ya alizeti. Weka kopo ndani ya sufuria ya maji moto, wala usiliweke motoni moja kwa moja, kwani nta hushika moto. Paka ikiwa vuguvugu, sugua kwa kitambaa, na rudia kila unapoona maji yameacha kuteleza. Mianya midogo ya saruji itaziba na mafuta hayatazama.

Udhaifu wake nao niutaje

Sitaki mtu aseme bwana shamba alificha. Ndimu, siki na ukwaju huchubua saruji, kwa hiyo vikimwagika vifutwe mapema. Chumvi ya samaki isilale juu yake usiku kucha. Sufuria ya moto huyeyusha nta, na jiko la mkaa likikaa juu ya benchi linaweza kulipasua, hivyo liwekee matofali chini. Usikatie moja kwa moja juu ya zege, kisu kitakuwa butu. Tumia kibao. Na kinu kibaki sakafuni, hakuna benchi lililoumbwa kwa ajili ya mchi.

Lakini angalia tofauti. Benchi la zege likichubuka, unasugua na kupaka niru au nta kwa fedha ya mfukoni, na vifaa viko kijijini. Kigae kikivunjika, unasafiri kutafuta rangi.

Kwa mfanyabiashara aliyepanga banda sokoni, sikushauri ujenge zege kwenye ardhi ya mtu. Chukua meza ya mbao iliyopigwa randa na kupakwa nta, na vibao viwili vya kukatia. Siku ukihama, unahama navyo. Kama banda ni lako, jenga. Mteja wa samaki huangalia meza kabla ya kuangalia samaki.

Neno kwa kina baba

Najua kinachosemwa kijiweni: saruji tupu ni ya maskini, vigae ni vya aliyefanikiwa. Mimi naona kinyume. Aliyefanikiwa ni yule ambaye mkewe anapika amesimama wima, watoto wake hawaharishi, na fedha ya vigae imenunua mbegu ya msimu ujao. Kama vigae unavipenda sana, viweke ukutani nyuma ya benchi, mistari miwili. Huko vinazuia mafuta yasirukie ukuta na havipigwi na kitu.

Na kabla hujatoa hata shilingi moja, nenda jikoni ukamuulize anayepika: unataka benchi la urefu gani, likae upande gani, ukate nini juu yake? Wengi wetu tumejenga majiko bila kuuliza swali hilo, halafu tunashangaa benchi limegeuka meza ya glasi.

Yule mama wa migebuka hakuhitaji kung'aa. Alihitaji mahali pa kuweka samaki. Msimu huu ukivuna, mpe mahali hapo.

Kazi njema, na tukutane shambani.