"Should" haina maana ya lazima: Kingereza ambacho Kasulo inahitaji

Wandugu vijana wa Kasulo, wa Manika, wa Dilala, na ninyi wote mnaotusoma kutoka Likasi, Lubumbashi na mbali zaidi,

Wanafunzi wa siasa na utawala wanatuuliza swali moja kila mara: "Sisi tunasomea politike, hatusomee kuwa batafsiri. Mu biro ni Kifaransa, ku soko ni Kiswahili. Go, went, gone, itatupeleka wapi?"

Swali ni la haki. Jibu letu ni fupi: Kingereza njo lugha ambamo watu wa mbali wanaandika juu ya udongo tunaolalia. Asiyeisoma anafanana na mtu anayekaa mbele ya tribunali na kesi yake inasemwa kwa lugha asiyoijua. Atajua hukumu, lakini hatajua sababu.

Tuangalie Kasulo peke yake. Mwaka 2014 mkaaji mmoja alichimba katika parcelle yake akakuta kobalti. Baada ya pale mashimo yalifunguliwa kila upande, hata chini ya vyumba vya kulala. Mwaka 2017 serikali ya jimbo la Lualaba ilihamisha familia za sehemu moja ya kartier, sehemu hiyo ikazungushiwa ukuta, na CDM, kampuni ya kundi la Huayou la Uchina, ikapata haki ya kununua madini ya humo. Mwaka 2018 watafiti wa vyuo vikuu vya Lubumbashi na Leuven walitoa matokeo ya vipimo vya damu na mkojo wa wakaaji wa Kasulo. Kobalti ilikuwa nyingi kupita ile ya watu wa kartier ya jirani, na tofauti kubwa zaidi ilionekana kwa watoto. Utafiti huo ulitoka katika jarida Nature Sustainability, kwa Kingereza. Damu ni yetu, mkojo ni wa wadogo zetu, lakini mama wa Kasulo hawezi kujua imeandikwa nini bila mtu wa kumsomea.

Basi hatuwaambii mjifunze Kingereza cha kujionyesha ku mitandao. Tunasema Kingereza cha raia. Kinaanza na mambo matatu.

Kwanza, vitenzi vidogo. Shuleni tulifundishwa "shall", "should" na "may" kama orodha ya kukariri kwa ajili ya mtihani. Kumbe ndani yake mna nguvu yote ya mkataba. "The company shall pay": kampuni ni lazima ilipe. "The company should pay": ingefaa kampuni ilipe. "The company may pay": kampuni ikitaka, italipa. Herufi chache tu, na haki imegeuka kuwa ombi. Mwongozo wa OCDE juu ya madini ya maeneo ya vita na hatari, ule ambao makampuni mengi yanajisifu kuufuata, umeandikwa kwa "should". Ni mashauri, si sheria. Mtu wa kampuni akisimama mbele ya wakaaji akisema "tunafuata mwongozo wa kimataifa", kijana aliyesoma sarufi anajua swali la kuuliza: ni wapi mumeandika "shall"?

Muangalie pia neno "endeavour". Kampuni ikiandika kwamba itafanya "endeavour" kuleta maji safi, haikuahidi maji. Iliahidi kujaribu.

Pili, sentensi isiyo na mtendaji. "Houses were demolished." "Residents were relocated." Sarufi yake iko sawa kabisa. Nyumba zilibomolewa, wakaaji walihamishwa. Lakini nani njo alibomoa? Nani alisaini karatasi? Nani alihesabu pesa ya kulipa kila familia, na kwa kipimo gani? Kingereza kinaruhusu mtendaji atoroke kabla ya nukta. Kila mara mukikuta sentensi ya namna hiyo, andikeni pembeni: "by whom?" Na nani?

Na tusijidanganye kwamba Kiswahili chetu kiko safi. Ku Kasulo tunasema "balivunja manyumba", "batutosha bila kutuuliza". Hiyo "ba" ni nani? Ni gavana, ni polisi, ni kampuni, ao ni jirani aliyeuza parcelle usiku? Sisi pia tunaficha mtendaji, mara nyingi juu ya woga. Kwa hiyo somo la Kingereza linatufundisha hata namna ya kuandika malalamiko yetu wenyewe: jina, kazi, tarehe, tendo.

Tatu, msamiati. Kuna maneno yanayopamba. Kwa mnunuzi wa London, "artisanal" inamkumbusha mkate ao jibini iliyotengenezwa kwa mikono na fundi mwenye subira. Kwetu neno hilo hilo linataja ba-creuseur wanaoshuka katika shimo lisilo na nguzo. Na kuna maneno yanayofunga mlango. Sheria ya Marekani ya mwaka 2010, Dodd-Frank, iliwalazimisha wenye makampuni kueleza kama "conflict minerals" zao zinatoka Kongo ao kwa majirani wake. Ndani ya maneno hayo mawili waliweka koltani, kasiterite, wolframite na dhahabu. Kobalti haimo. Mtu anayetafsiri "madini ya vita" haraka haraka atafikiri Kolwezi imo pia. Haimo.

Mfano mzito zaidi uko hapa. Desemba 2019, familia za watoto waliokufa katika mashimo ya kobalti ya kwetu, pamoja na vijana waliovunjika miguu na migongo, walishitaki Apple, Google, Dell, Microsoft na Tesla mu tribunali ya Washington. Sheria waliyoitegemea inaruhusu kushitaki mtu anayepata faida kwa kushiriki katika "venture" inayotumia kazi ya kulazimishwa. Swali kubwa likawa hili: mtu anayenunua kobalti kupitia mnyororo mrefu wa wauzaji, je, ameshiriki katika "venture"? Tarehe 5 Machi 2024 mahakama ya rufaa ya Washington ilijibu hapana: kununua tu kupitia mnyororo huo hakutoshi.

Hatusemi kamusi ingeleta ushindi. Wanasheria wao walijua Kingereza vizuri. Tunasema hivi: kuna wazazi huku ambao hadi leo wanaambiwa tu "muzungu alikatala". Hapana. Majaji walitoa sababu, na sababu hiyo inaweza kusomwa, kupingwa, na kutumiwa na yule atakayeandika sheria bora kesho. Mwanafunzi wa siasa asiyeweza kueleza "venture" kwa baba wa namna hiyo, anasomea siasa ya nani?

Kuna pia neno la pesa: "royalties". Katika Kode ya Madini yetu ya 2018 linaitwa redevance, na asilimia 15 yake ni ya serikali za chini, yaani mji, komine, sekta ao cheferie palipo machimbo. Glencore, mwenye KCC na Mutanda, hutoa kila mwaka ripoti ya malipo yake kwa serikali, kwa Kingereza. Ivanhoe, iliyo katika Kamoa-Kakula, iko ku soko la hisa la Toronto. CMOC iko ku Hong Kong, na ripoti zake hutoka kwa Kichina na kwa Kingereza. Hesabu ziko wazi kwa yeyote anayesoma. Tukizilinganisha na bajeti ya komine, tutauliza swali lenye namba, na swali lenye namba ni vigumu kulijibu kwa hotuba.

Wengine watasema: "Na Kichina? Mashimo mengi ni ya Bachinois." Kweli, na anayeweza ajifunze, tunamhitaji sana. Wengine watasema tunabadilisha bwana mmoja kwa mwingine. Hapana. Kusoma barua ya mtu si kumtii.

Lakini hatutaki nchi ambamo raia lazima apite chuo kikuu ndipo ajue hatima ya nyumba yake. Katiba ya 2006 inataja Kiswahili kati ya lugha nne za taifa. Kifungu chake cha 142 kinaagiza serikali kueneza sheria kwa Kifaransa na kwa kila moja ya lugha hizo, ndani ya siku 60. Hapo hakuna "should". Kwa hiyo tunachodai si zawadi.

Tunadai:

1. Serikali itimize kifungu cha 142, na ianze na Kode ya Madini.
2. Kila kampuni inayochimba ao kununua madini Kolwezi itoe kwa Kiswahili, na kubandika ku kartier, kila ahadi iliyoandika kwa Kingereza juu ya wakaaji wa hapa.
3. Walimu wa Kingereza katika kozi za siasa wachukue sentensi zao katika karatasi zinazotuhusu. "John goes to the market" tumeshaijua.

Na sisi wenyewe? Tukutane watu watano watano, mara moja kwa juma, na ukurasa mmoja tu. Mmoja asome kwa sauti. Mwingine azungushe kila "shall", "should" na "may". Mwingine atafute mtendaji aliyetoroka. Wa nne aandike maneno mapya na maana yake katika Kiswahili cha nyumbani. Wa tano apeleke maelezo kwa ba mama na ba papa wa avenue yake, juma hilo hilo, bila kuwadharau na bila kupamba. Anayejua na kunyamaza hana tofauti na sentensi isiyo na mtendaji.

Kasulo imeandikwa sana na wengine. Tuanze kuisoma, kisha tujibu kwa majina yetu.

Sisi vijana raia, Kolwezi