Masanduku ya Chuma Yaliyoujenga Mji

Ukipita steji ya Kakamega shule zinapofunguliwa, huwezi kukosa kuyaona masanduku ya chuma na magodoro yaliyokunjwa yakafungwa kamba. Wengi wetu huona msongamano tu. Kumbe masanduku hayo ndiyo yaliyoukuza mji huu.

Dhahabu iliwaleta Wazungu hapa mwanzoni mwa miaka ya 1930, kisha machimbo yao yakafifia. Kilichodumu ni shule ya serikali iliyoanzishwa mwaka 1932, ambayo leo ni Kakamega School. Katika miaka ya 1970, wakazi wa Mkoa wa Magharibi walichanga pesa za harambee kikaanzishwa chuo cha WECO. Mwaka 2002 chuo hicho kikawa tawi la Chuo Kikuu cha Moi, na mwaka 2007 kikawa chuo kikuu kamili chenye jina la marehemu Masinde Muliro.

Tangu hapo, Lurambi, Sichirai na Kefinco si zile za zamani. Palipomea mahindi na migomba pameota ploti za vyumba vya wanafunzi, vibanda vya chapati na maduka ya kupiga chapa.

Si Kakamega pekee. Jijini Seoul, Korea Kusini, serikali ilitaka watu wahamie kusini ya mto Han. Mwaka 1976 shule mashuhuri ya Kyunggi ilihamishiwa huko Gangnam, na nyingine zikafuata. Wazazi nao wakazifuata shule, na yaliyokuwa mashamba yakawa mtaa wa matajiri. Lakini huko ziliguria aila nzima. Kwetu huja kijana peke yake, naye akifuzu huenda zake.

Hapo ndipo penye hatari. Machi 2020, shule na vyuo vilipofungwa kwa sababu ya korona, vyumba vilibaki vitupu. Aliyekuwa amefyeka shamba lote ili ajenge alijikuta hana kodi wala mahindi.

Nyanya mmoja wa Sichirai alinisimulia jinsi wanawe walivyomsihi ajenge hadi mlangoni pake. Alikataa katakata, akabakiza kipande cha sukuma wiki na maharagwe. Wapangaji walipoondoka, moto wa jikoni mwake haukuzimika. Hata wasichana wawili waliokosa nauli ya kurudi kwao walikula kwake mpaka walipotumiwa.

Basi ndugu msomaji, ukijenga, bakiza shamba. Nawe mzazi uliye mbali, usiridhike kutuma pesa kwa simu. Fika mwenyewe, uone anakolala mwanao, umjue mwenye nyumba kwa jina. Siku ya shida, huyo ndiye atakayekuwa karibu naye.

Nanyi wanafunzi, mwamkieni nyanya wa ploti kila asubuhi. Mkimwona kama mtu wa kudai kodi tu, naye atawaona kama kodi tu.