TALAKA HAIFUTI HESABU



Wenzetu wengi wa Kibera na Kawangware hutuuliza: "Nikiachana na mke wangu, nitalipa ngapi kila mwezi?" Na akina mama, ambao nao ni wanachama, huuliza: "Nitapata ngapi?" Twaona yafaa kulieleza jambo hili wazi.

Kwanza, sheria haikuandika nusu wala theluthi. Sheria ya Ndoa ya 2014, fungu la 77, yampa hakimu uwezo wa kuamuru mmoja amtunze mwenziwe, kesi ikiwa inaendelea au baada ya talaka. Si mume peke yake awezaye kuamriwa; Katiba ya 2010 yawapa wote wawili haki sawa. Hakimu hutazama kipato cha kila mmoja, mahitaji yake, afya yake na miaka ya ndoa. Mwenye nguvu za kufanya kazi asitazamie kulishwa bure.

Haya, tupige hesabu. Tuseme mume hupokea shilingi 32,000 baada ya makato ya serikali. Kodi ya chumba 6,000, nauli 4,000, chakula 9,000, watoto 8,000. Jumla 27,000, zabaki 5,000. Mke huuza mboga, apata 9,000, na matumizi yake ni 15,000, apungukiwa 6,000. Basi mabishano yatakuwa karibu na hizo 5,000, na hakimu ndiye mwamuzi. Masurufu ya watoto ni deni la peke yake, wala hayafutwi na talaka.

Kuna wanaoshauriana waache kazi, au wakope sana ili karatasi ya mshahara ionyeshe kidogo. Hiyo ni aibu. Mke aliyefua ovaroli na kulea watoto miaka 15, mume akiwa zamu ya usiku, alifanya kazi isiyo na mshahara. Sisi tunaomdai mwajiri malipo ya jasho letu, tutayakataaje ya mwenzetu? Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013 yahesabu kazi ya nyumbani kuwa mchango, ingawa Mahakama ya Juu ilisema mwaka 2023 kwamba mali haigawanywi nusu kwa nusu bila kutazama mchango wa kila mmoja.

Amri hukoma mpokeaji akiolewa au akioa tena, au akiweza kujitegemea. Ukifukuzwa kazi usinyamaze tu na kuacha kulipa. Rudi kortini uombe amri ibadilishwe. Waislamu wana korti ya Kadhi. Na ninyi mnaoishi pamoja bila cheti, andikisheni ndoa zenu mapema, kwani asiye na ndoa atapata taabu kudai masurufu yake.

Asiye na pesa za wakili aende Kituo cha Sheria. Akina mama waweza pia kwenda FIDA. Chukueni karatasi za mshahara, risiti za kodi na za karo. Hakimu hawezi kupima asichokiona.

Tuachane kwa haki, kama tunavyodai haki kazini.

Umoja ni Nguvu.