Mali Bila Daftari: Nani Anawahesabu Vipepeo wa Nyanchwa?

Miezi michache iliyopita nilipanda mlima wa Nyanchwa, ule unaoutazama mji wa Kisii kutoka juu, nikiwa na wanafunzi wangu tisa wa somo la isimu. Kazi yetu ilikuwa kukusanya majina ya mimea katika lugha ya Ekegusii kabla wazee wanaoyafahamu hawajatutoka. Tulipofika mahali palipobaki ukanda wa nyasi baina ya ua wa nyumba mpya na shamba la mikaratusi, nilisimama nikawaambia vijana wale kwa sauti ya mtu ajionaye amekula chumvi nyingi: "Hapa, nilipokuwa mtoto, palijaa vipepeo. Siku hizi wamekwisha."

Msichana mmoja aliinua kalamu yake kutoka daftarini, akaniuliza kwa adabu: "Samahani, Mwalimu. Walikuwa wangapi?"

Sikuwa na jibu. Nimesomea shahada tatu na kila mwaka huwafundisha vijana kwamba dai lisilo na ushahidi ni porojo tu. Kumbe pale mlimani nilikuwa nimetoa dai la namna hiyohiyo. Nilikumbuka rangi, nilikumbuka mbio zetu za utotoni, lakini idadi sikuwa nayo, wala sijapata kuliona daftari lolote katika Gusii nzima ambalo lingeweza kunisaidia. Inawezekana kweli kwamba vipepeo wamepungua. Inawezekana pia kwamba mtoto wa miaka minane, ambaye kimo chake hakijazidi nyasi kwa mengi, huwaona vipepeo wengi kuliko mtu mzima apitaye kwa haraka akiwaza karo na mikopo. Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba nyasi zetu na viumbe wake ni mali, kwamba daftari lake halijafunguliwa, na kwamba watu wanaofaa zaidi kulifungua ni walimu na wanafunzi.

Hebu kwanza tutazame wenzetu walifanyaje. Katika Uingereza, mtafiti Ernie Pollard alibuni katika miaka ya 1970 njia ambayo hata mtoto wa shule ya msingi anaweza kuielewa. Mtu huchagua njia moja ya miguu na kuipita kila juma kwa mwendo wa taratibu. Humhesabu kila kipepeo anayemwona ndani ya mita mbili na nusu upande wa kulia, mita mbili na nusu upande wa kushoto, na mita tano mbele yake. Huandika aina, idadi, saa na hali ya hewa. Mvua ikinyesha au upepo ukivuma kwa nguvu, hahesabu. Basi! Mpango wa kitaifa wa hesabu hiyo ulianza mwaka 1976 na haujakoma hadi leo, na wengi wa wahesabuji wake ni watu wa kujitolea.

Nchi nyingine za Ulaya zilifuata mfano huo, zikaunganisha madaftari yao, na zikachagua spishi 17 za vipepeo wa nyasi ziwe kipimo cha pamoja. Mwaka 2013 Shirika la Mazingira la Ulaya lilitangaza kwamba vipepeo hao walikuwa wamepungua kwa karibu nusu baina ya mwaka 1990 na mwaka 2011. Sababu zilizotajwa zilikuwa mbili, nazo zinaelekea kupingana: mahali pengine ardhi ililimwa na kutiwa mbolea kupita kiasi, na mahali pengine malisho yaliachwa bila mifugo hata yakamezwa na vichaka. Mwaka 2024 Umoja wa Ulaya ulipitisha sheria ya kurejesha mazingira, na hesabu ya vipepeo wa nyasi ikawekwa ndani yake kuwa mojawapo ya vipimo vya afya ya ardhi ya kilimo. Huko Marekani nako, watafiti walikusanya hesabu za miaka ishirini za spishi 554, wakaonyesha mwaka 2025 kwamba idadi ya vipepeo ilishuka kwa asilimia 22 baina ya mwaka 2000 na mwaka 2020.

Msomaji ataona kwamba daftari la mtu aliyetembea kando ya ua wa malisho limefika hadi bungeni. Halikufika huko kwa sababu vipepeo ni warembo. Lilifika kwa sababu lilikuwa na tarehe na tarakimu ambazo hakuna mwanasiasa angeweza kuzifuta kwa hotuba.

Pengine utauliza: kwa nini vipepeo, na si tembo au simba? Kipepeo huishi maisha mafupi, na vizazi kadhaa vyaweza kupita katika mwaka mmoja. Kwa hiyo mabadiliko ya ardhi humgusa mapema. Aidha, viwavi wake huchagua chakula. Yule kipepeo wa rangi ya chungwa mwenye ncha nyeusi za mabawa, ambaye wanasayansi humwita Danaus chrysippus, viwavi wake hula mimea yenye utomvu mweupe kama maziwa, na sumu ya mimea hiyo huwakinga dhidi ya ndege. Vile vipepeo vidogo vya kahawia vyenye doa mfano wa jicho, virukavyo chini chini, viwavi wao hula nyasi zenyewe. Mmea ukiondoka, kiwavi hana pa kwenda, na kipepeo hatazaliwa. Anayewahesabu vipepeo anayakagua malisho yote kwa mpigo mmoja.

Kenya imejaliwa kwa hakika. Torben Larsen, katika kitabu chake kikubwa kuhusu vipepeo wa Kenya kilichochapishwa mwaka 1991, alizieleza spishi zipatazo 870, ilhali Uingereza nzima ina takribani 60 tu. Walakini kitabu cha aina hiyo hutuambia ni nani aliyepo. Hakituambii kama anaongezeka au anapungua. Orodha ya majina ya wanafunzi si rejesta ya mahudhurio. Mwalimu yeyote anaijua tofauti hiyo.

Na Gusii yetu imebadilika mno. Wazee wetu walikuwa wafugaji kama walivyokuwa wakulima. Vijana walilinda ng'ombe katika kambi zilizoitwa ebisarate, hadi serikali ya kikoloni ilipozipiga marufuku mwanzoni mwa karne ya 20. Mifugo ile ndiyo iliyosaidia kuyaweka malisho wazi. Baadaye ikaja kahawa, kisha chai, kisha mikaratusi, na juu ya yote wakaongezeka watu. Sensa ya mwaka 2019 iliwahesabu watu 1,266,860 katika Kaunti ya Kisii na 605,576 katika Kaunti ya Nyamira. Kwa upande wa Kisii, hao ni zaidi ya watu 900 katika kila kilomita ya mraba. Ng'ombe sasa hufungiwa zizini na kukatiwa nepia. Nepia ni lishe nzuri, simlaumu mkulima aipandaye, lakini safu za mmea mmoja haziwezi kushika nafasi ya malisho yenye mimea ya aina kwa aina. Tangu viwavijeshi vamizi walipoingia nchini mwaka 2017, mashamba ya mahindi yamenyunyiziwa dawa za wadudu, na dawa haimuulizi kiwavi jina lake kabla ya kumuua.

Je, yote haya yamewafanyia nini vipepeo wa Nyanchwa? Hapo ndipo swali la yule msichana linapotufunga mdomo. Tunaweza kukisia, na kukisia kwetu kunaweza kuwa kwa kweli, lakini mbele ya mpangaji wa mji mwenye ramani na tarakimu zake, makisio hayana nguvu yoyote.

Wala asidhani mtu kwamba hesabu ya mwaka mmoja itatosha. Idadi ya vipepeo hupanda na kushuka kwa kufuata mvua. Kuna miaka ambapo vipepeo weupe wahamao hupita Afrika Mashariki kwa maelfu kwa maelfu, na mwaka unaofuata huoni hata kumi. Atakayehesabu katika mwaka wa neema atatangaza kwamba mambo ni shwari. Atakayehesabu katika mwaka wa ukame atapiga mayowe ya msiba. Na wote wawili watakuwa wamepotoka. Mwelekeo hujitokeza baada ya miaka kumi au zaidi ya kupita njia ileile, kwa utaratibu uleule, kama vile mapigo ya moyo yasivyoeleweka kwa kusikiliza pigo moja. Ndege wa majini wa maziwa yetu ya Bonde la Ufa wamekuwa wakihesabiwa tangu mapema katika miaka ya 1990, na thamani ya hesabu hizo huongezeka kila mwaka unaoongezwa. Haba na haba hujaza kibaba.

Sasa niseme neno kuhusu taaluma yangu, kwani msomaji ana haki ya kuuliza mwanaisimu anatafuta nini katika mambo ya wadudu. Huwezi kuhesabu usichoweza kukitaja. Kiswahili kimetupa neno zuri, kipepeo, linalohusiana na kitenzi pepea. Nondo nalo tunalo kwa yule arukaye usiku. Lakini baada ya hapo wengi wetu huishiwa na maneno. Nilipowataka wanafunzi wangu wawataje vipepeo waliowaona siku ile, niliandikiwa "kipepeo mweupe", "kipepeo mwingine mweupe" na "kipepeo". Na hawa ni watoto wa jamii za wafugaji, ambazo ziliweza kumtambulisha kila ng'ombe kwa rangi na mabaka yake! Upungufu huo haumo katika lugha zetu. Umo katika mazoea yetu ya kutotazama. Shule inayoanza kuhesabu italazimika kuunda majina, au kuyatafuta kwa wazee: kipepeo wa michungwa, kipepeo njano wa nyasi, buluu mdogo wa njiani. Majina hayo yaoanishwe na majina ya kisayansi kwa msaada wa picha, na hapo somo la Kiswahili na somo la sayansi yatakuwa yamekutana uwanjani badala ya kupishana katika ratiba.

Nayasikia mapingamizi mawili. La kwanza ni kwamba watu wana njaa, na mwenye njaa hana haja ya vipepeo. Ninaliheshimu pingamizi hili, maana shamba la robo ekari halina mzaha. Lakini mkulima wa robo ekari ndiye anayehitaji kuliko wote kujua kama udongo wake, mimea yake na wadudu wachavushao maua vinadhoofika. Tajiri akiona ardhi imechoka, hununua nyingine. Maskini hana pa kukimbilia, na hesabu hii ni mojawapo ya njia chache za bei nafuu za kumwonya mapema.

Pingamizi la pili ni la walimu, nalo ni la uchovu. Mtaala wa umilisi ulioanza kutekelezwa kote nchini mwaka 2019 umewaletea kazi nyingi, na wazazi wamelalamika, tena kwa haki, kuhusu vifaa wanavyotakiwa kununua. Kwa hiyo nataka ieleweke wazi kwamba kazi hii inahitaji daftari moja, kalamu moja, saa ya mkononi na kamba ya kupimia njia. Inahitaji takriban nusu saa kwa juma. Huku kwetu mvua hupenda kunyesha alasiri; basi wanafunzi wapite njia yao kati ya saa nne asubuhi na saa saba mchana, jua likiwa limechomoza, mwaka mzima bila kungoja majira kama wafanyavyo Wazungu. Hakuna haja ya kuwakamata wala kuwaua vipepeo. Kuna haja ya kuinama kidogo, kwani mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Yapo mambo matatu ambayo hayana budi kuzingatiwa. Mosi, njia isibadilishwe kwa sababu mahali pengine pana vipepeo wengi zaidi. Hata ukiona sifuri, andika sifuri, kwa maana sifuri ni habari. Pili, daftari liwe mali ya shule, lisiwe la mwalimu mmoja, ili akihamishwa kazi isihame naye. Tatu, nakala zipelekwe kila mwaka mahali pawili zaidi, kwa mfano Chuo Kikuu cha Kisii na Makavazi ya Kitaifa jijini Nairobi, ili moto au mchwa wasifute kazi ya kizazi kizima.

Nyanchwa imekuwa kituo cha elimu tangu wamishonari Waadventista walipoweka makao yao huko katika miaka ya 1910. Kwa zaidi ya miaka mia moja majina ya watoto yameitwa asubuhi na kutiwa alama katika rejesta. Laiti katika miaka hiyo yote pangekuwa na ukurasa mmoja tu kwa juma kuhusu nyasi za mlima uleule! Leo tungekuwa tunajadili la kufanya, badala ya kubishana kama lipo la kufanya.

Miaka hiyo imepita na hairudi. Hata hivyo, mimi na wanafunzi wangu tulirudi kwenye ule ukanda wa nyasi juma lililofuata, tukapima mita mia tano kwa kamba, tukahesabu. Tulipata vipepeo thelathini na wanne, kumi na mmoja kati yao tukiwa hatuwezi kuwataja. Idadi hiyo haithibitishi jambo lolote kwa sasa, nami sitaitumia kumtisha mtu. Lakini imeandikwa, ina tarehe, na yule msichana ndiye atunzaye daftari. Nawaomba walimu wenzangu wa Kisii, Nyamira na kwingineko wafungue la kwao muhula huu, ili mwanafunzi atakayepanda mlima miaka ishirini ijayo na kumuuliza mwalimu wake walikuwa wangapi, asijibiwe kwa kumbukumbu za utotoni kama nilivyomjibu wangu.